Kelele, Metali Nzito na Albamu ya Duma: Suala la Istilahi za Muziki

Maneno mawili hujitokeza mara kwa mara muziki wa magitaa mazito unapotajwa kwa Kiswahili. La kwanza ni kelele, nalo hutumiwa na wale wasioupenda muziki huo. La pili ni metali nzito, nalo hutumiwa na wafasiri walioifuata lugha ya kigeni neno kwa neno. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno yote mawili hayafai, na kwamba kutofaa kwake humzuia mhakiki kuifanya kazi yake. Kipimo chetu kitakuwa albamu moja ya Afrika Mashariki. Albamu hiyo ni Duma, ya kundi la Nairobi lenye jina hilohilo, iliyorekodiwa Kampala mwaka 2019 na kutolewa huko na kampuni ya Nyege Nyege Tapes mwezi wa Agosti, 2020.

Suala hili tunalitazama kutoka Tunduma, nasi tuna sababu. Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, nchini Zambia, na reli ya TAZARA pamoja na barabara kuu iendayo Zambia hupita papa hapa. Katika soko moja mtu husikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba, Kiswahili na Kiingereza. Mahali kama hapa neno halikawii kujaribiwa. Likiwa na maana mbili, maana hizo zitagongana siku hiyohiyo. Tena gitaa la mkwaruzo si geni katika ukanda huu. Katika miaka ya 1970 makundi ya Zambia kama vile WITCH, Amanaz na lile la Paul Ngozi yaliujenga muziki uliokuja kuitwa Zamrock, yakiimba kwa Kiingereza na kwa lugha za kwao. Albamu ya Amanaz iitwayo Africa ni ya mwaka 1975, mwaka uleule ambao reli ya TAZARA ilifika Kapiri Mposhi. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki wa namna hii umetushukia jana kutoka Ulaya hajaangalia hata ng'ambo ya pili ya mpaka.

Tuanze na metali nzito. Neno hili lina kazi tayari. Katika kemia na katika afya ya jamii, metali nzito ni vitu kama zebaki na risasi, ambavyo vikiingia katika maji huwadhuru watu. Mkoani Songwe jambo hili si la vitabuni tu. Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na zebaki ni miongoni mwa vitu vinavyotumika kuikamata dhahabu hiyo. Afisa wa afya akiandika tangazo la kuwatahadharisha wananchi juu ya metali nzito, hana budi kueleweka mara moja. Haifai neno lake liwe pia jina la tamasha la vijana. Istilahi inayobeba hatari ya uhai isichezewe.

Kelele nalo lina kazi yake. Katika shughuli za mazingira ni istilahi ya uchafuzi: sauti iliyozidi kiasi na kuwaudhi majirani. Mtumishi wa serikali anayepokea ombi la kibali cha onyesho, akikuta neno hilo, amekwisha kupewa hukumu kabla ya kusikiliza. Vivyo hivyo mwalimu wa sekondari kule Vwawa. Mwanafunzi wake akiandika insha juu ya muziki aupendao, na neno pekee alilonalo likawa kelele, mwanafunzi huyo amejishtaki mwenyewe. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini ni kazi ya mhakiki kutuambia kama debe ni tupu au limejaa, na hawezi kutuambia ikiwa kila kivumacho anakiita debe.

Je, tutumie neno gani? Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Safari hii hatuhitaji kwenda mbali. Twapendekeza chuma. Mkoa wa Songwe unalifahamu vema neno hili. Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa zaidi ya tani 10, sehemu yake kubwa ni chuma. Wanyiha nao walikuwa wafua chuma hodari kabla ya majembe ya viwandani kuingia. Tena chuma katika Kiswahili kina maana ya sitiari ya ugumu na nguvu, na maana hiyo ndiyo muziki huu unayoitaka. Metali ni jina la jumla linalohusu pia shaba na dhahabu, nalo halina sitiari hiyo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Watangazaji wa redio wa siku hizi huita chuma wimbo wowote mpya uliopendwa, hata uwe wa taarabu. Pingamizi hili ni la kweli, ila halitoshi. Mtangazaji husema "chuma" peke yake. Sisi twapendekeza muziki wa chuma, istilahi ya maneno mawili, kama vile njia ya chuma isivyochanganywa na chuma cha mhunzi.

Aina zake zatofautishwa kwa kuuliza swali moja: mahadhi yako wapi? Katika taarabu na katika dansi mahadhi huwa zaidi kinywani mwa mwimbaji. Katika muziki wa chuma wa mauti, uliokua Marekani katika miaka ya 1980, mwimbaji aliyaacha mahadhi na kubaki na ngurumo. Katika miaka ya 1990, makundi ya Gothenburg nchini Uswidi, kama vile At the Gates, In Flames na Dark Tranquillity, yaliyarudisha mahadhi, lakini hayakuyarudisha kinywani. Yaliyaweka katika nyuzi: magitaa mawili huimba kwa kupatana huku sauti ya mtu ikiendelea kunguruma. Albamu ya At the Gates ya mwaka 1995, Slaughter of the Soul, ni mfano wake mashuhuri. Hivyo twapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) muziki wa chuma: jina la jumla la muziki wa magitaa mazito ya mkwaruzo;
(b) chuma cha mauti: aina ambayo sauti ya mtu hunguruma bila mahadhi;
(c) chuma cha mauti cha mahadhi: aina ambayo sauti hunguruma na mahadhi hubebwa na magitaa;
(d) ngurumo: sauti nzito ya mwimbaji itokayo chini ya koo;
(e) yowe: sauti kali ya juu ya mwimbaji huyohuyo;
(f) mapigo ya mfululizo: upigaji wa ngoma wa kasi usioacha nafasi ya pumzi.

Tumechagua mauti badala ya kifo kwa sababu kifo ni tukio la mtu mmoja, na mauti ni hali inayowangoja wote. Anayeshtuka kuona mauti yakifanywa sanaa na akumbuke Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaoitazama Pate iliyoanguka na wakuu wake waliolala makaburini. Fasihi yetu haijapata kuyaogopa mauti.

Sasa tuitazame albamu. Duma lilikuwa kundi la watu wawili, Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote wawili walitoka katika makundi ya muziki wa chuma ya Nairobi. Sauti ni ya Khanja. Gitaa la Karugu limechanganywa na mapigo ya mfululizo yaliyotengenezwa kwa mashine, nayo huanguka kama mvua ya mawe juu ya paa la bati. Hakuna mahadhi kinywani, wala hakuna mahadhi ya kushikika katika nyuzi. Basi albamu hii si chuma cha mauti cha mahadhi, na anayeilaumu kwa kukosa mahadhi anaidai deni isilokopa. Hilo ndilo faida ya kwanza ya istilahi sahihi: humwondolea msanii lawama isiyo yake.

Faida ya pili ni kwamba humwonyesha sifa iliyo yake. Katika "Lionsblood" Khanja hutoka katika ngurumo kuingia katika yowe, na kurudi, kana kwamba watu wawili wanagombania koo moja. Mhakiki mwenye neno kelele pekee angesikia jambo moja. Mwenye ngurumo na yowe husikia mawili, na husikia mpito baina yao. Sisi twaona kwamba mpito huo ndio ustadi mkubwa wa albamu nzima.

Faida ya tatu ni kumwonyesha kasoro. Mara nyingi mno mapigo ya mfululizo huendelea bila kupungua, na ngurumo juu yake haipungui pia. Kilele kisicho na bonde hakionekani kuwa kilele. Kadhalika maneno hayasikiki, na majina ya nyimbo karibu yote ni ya Kiingereza. "Pembe 666" linampa msikilizaji wa Kiswahili mahali pa kushika: atakumbuka mara moja sura ya 13 ya Ufunuo, yenye pembe za mnyama na hesabu ya jina lake. Twasikitika kwamba milango ya namna hiyo ni michache.

Jina la kundi nalo lina fundisho kwa wafasiri. Kwa Kiswahili duma ni mnyama ashindaye wote kwa mbio. Wenyewe wamelitoa katika lugha ya Kikuyu, ambako maana yake ni giza. Mfasiri asiyeuliza ataandika habari za paka mkubwa mahali pa habari za usiku. Mtego kama huo uko pia upande wa Zambia. Backxwash, mwanamuziki aliyezaliwa Lusaka ambaye huchanganya ghani na sauti za muziki wa chuma, ana wimbo uitwao "Vibanda" katika albamu yake ya mwaka 2022. Sokoni Tunduma vibanda ni mahali pa kuuzia nyanya na vocha; kwa wasemaji wa ng'ambo neno hilo lahusu pepo wabaya. Tunaposhauriwa kutafuta istilahi katika lugha za Kibantu, ushauri ni mwema, lakini ndugu wa neno si neno lenyewe.

Kazi hii haijaisha. Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, kwa kampuni yake mwenyewe iitwayo Haekalu, akimkumbuka Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Kazi kama hiyo ina historia ya Afrika Mashariki ndani yake, nayo yastahili kuhakikiwa katika lugha ya Afrika Mashariki.

Hatudai kwamba kila msomaji aupende muziki huu. Mtu ana haki ya kuisikiliza albamu ya Duma mpaka mwisho, akaizima, asiirudie. Tunalodai ni kwamba akitaka kusema kwa nini ameizima, Kiswahili kimpe maneno ya kusemea, na maneno hayo yasiwe yale ambayo afisa wa afya anayahitaji kwa zebaki na afisa wa mazingira kwa uchafuzi. Walimu, wafasiri na watumishi wa Songwe na kwingineko twawaomba wazijaribu istilahi hizi sita katika kazi zao, na watuletee zile zilizowashinda pamoja na sababu zake.