Singe ya Kutokea

Mzee mmoja wa Ngarenanyuki, jirani na maziwa ya Momela, hunawa mikono kabla ya kuishika singe yake ya Kijerumani. Jasho la kiganja hula chuma. Huichomoa kwenye ala polepole, akailaza juu ya kitambaa chenye mafuta ya cherehani, ndipo mgeni aruhusiwe kuinama. Bapa haliguswi.

Singe ya vitani ilikuwa mali ya jeshi. Hii askari aliinunua kwa mshahara wake, aining'inize kiunoni akitoka kambini kwenda kutembea mjini, na haikutiwa makali. Kwa kuwa ilikuwa yake, iliweza kusafiri sandukuni na walowezi waliokuja kutwaa ardhi chini ya Mlima Meru, wakiwemo akina Trappe waliofika Momela kabla ya vita vya 1914. Mzee aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa kibarua shambani kwa walowezi hao.

Shinani mwa bapa imegongwa chapa ya kiwanda cha Solingen, mji uliofua panga kwa karne nyingi. Juu ya bapa yamechorwa maandishi ya kukumbuka utumishi jeshini, na majani yaliyojiviringa kuyazunguka. Fundi alilifunika bapa kwa dawa, akaacha wazi alama alizozitaka, kisha akaachia asidi ile chuma kidogo kidogo. Kina cha mchoro hakifiki unene wa ukucha. Alijua silaha hii haitamchoma mtu, na bado hakulipua kazi.

Siwasifu waliotutawala. Baada ya wamisionari wawili kuuawa Meru mwaka 1896, Wajerumani waliiadhibu nchi nzima, na Machi 2, 1900 walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, pamoja na wenzake. Anayeitunza singe hii anatunza na ushahidi huo.

Lakini nani anatunza? Wanunuzi wa vyuma chakavu huipima singe kama hii mzani mmoja na masufuria yaliyotoboka. Kijana anayetaka bei nzuri huipitisha kwenye grainda ing'ae, na kazi yote ya asidi inakwenda na cheche. Inaniuma. Hata sime za Kimasai, zilizofuliwa na wahunzi waitwao Ilkunono kwa nyundo na subira, ala zake za ngozi nyekundu zimebana bapa barabara, zinasagwa vivyo hivyo. Wageni mjini Arusha wanauziwa bati lililokatwa kwa mashine, ala yake ikilegea kabla hawajapanda ndege.