Saa za Tembo

Tembo lililoteremshwa mtini huko Chara saa kumi na mbili asubuhi silo lile litakalofika Garsen saa sita mchana. Alfajiri ni tamu kama dafu, lina harufu ya ua la mnazi. Adhuhuri linauma ulimi. Magharibi ni kali, na kesho yake mchana halinyweki tena, limekuwa siki ya kutilia kachumbari. Jerikani ni lile lile na hakuna mkono uliotia kitu ndani yake. Zilizopita ni saa tu.

Nataka tulitazame jambo hili kifundi, kwa sababu bia za viwanda vidogo duniani zimekuwa zikielekea mahali ambapo mgema wa delta ya Mto Tana, Kenya, amesimama siku zote: kinywaji chenye umri unaojulikana, kilichochachushwa na vijidudu vya pale pale, kinachonywewa karibu na kilikozaliwa. Naupokea mwelekeo huo kwa furaha. Ila ukimtazama mgema kama fundi, utaona ana ya kufundisha na ana ya kujifunza.

Tuanzie juu ya mti. Mgema wa mnazi huchagua panda ambalo karara lake halijapasuka. Hulifunga kwa kamba ili lisichanue, akaligonga polepole siku baada ya siku, akalipinda kidogo kidogo mpaka ncha ielekee chini. Kazi hii haina haraka. Panda likilazimishwa huvunjika na safari yote ya kupanda imekuwa bure. Likishalainika hukata ncha kwa kotama na kuning'iniza kibuyu au chupa chini yake. Tangu siku hiyo hupanda asubuhi na jioni, na kila mara hupunguza kipande chembamba kama ukucha. Wembamba huo ndio ufundi wenyewe. Mmea huziba kidonda chake kama mwili unavyoziba jeraha, na ute wa bakteria huongeza kizibo, kwa hiyo kidonda lazima kifunguliwe upya. Anayekata vinene humaliza panda kwa wiki mbili. Anayekata vyembamba huligema mwezi na zaidi.

Utomvu unaodondoka kibuyuni ni sukari iliyokuwa njiani kwenda kulea nazi. Mgema anauza leo nazi ambazo zingeangushwa mwakani, na mwenye shamba anajua hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana mapatano ya kugema hufanywa mti kwa mti. Lakini mnazi wenyewe haufi. Mwaka ujao ukiachwa utazaa.

Mkoma ni habari nyingine. Katika nyasi za delta, kutoka pande za Garsen kushuka hadi Kipini, mikoma ni mingi kuliko minazi, na tembo lake lina wapenzi wake. Hapa hakuna panda linalofungwa: hukatwa kilele, moyo wa mti, na utomvu hukingwa kutoka kwenye kisiki kile. Shina lililokatwa moyo haliinuki tena. Mkindu hugemwa hivyo hivyo, nao una nafuu ya kuchipuza machipukizi shinani. Mtafiti Margaret Kinnaird aliandika mwaka 1992 jinsi watu na nyani wa misitu ya Mto Tana wanavyougombania mkindu, kwa sababu mangabe wa Tana, kima asiyepatikana popote pengine duniani, hula matunda yake. Kwa hiyo ninaposifu tembo hapa nasifu la mnazi, linalogemwa bila kuua. La mkoma na mkindu ni tamu pia, lakini lina deni msituni, na fundi mwaminifu hulitaja deni hilo.

Sasa tushuke chini na kibuyu. Utomvu unapodondoka hauna uchachu wowote, na sukari yake ni kama asilimia 10 hadi 15. Hauchemshwi na hautiwi hamira. Chachu imo tayari: iko kwenye ua, kwenye kotama, hewani, na zaidi ya yote kwenye mashapo yaliyobaki ndani ya kibuyu cha jana. Mgema anayetaka tembo lichemke upesi hakioshi kibuyu hadi kikang'aa. Anayetaka tamu hukisugua. Nchini India na Sri Lanka wagema hupaka chokaa ndani ya chungu ili utomvu ukae mtamu wapate kuupika sukari. Kuosha au kutoosha ni uamuzi wa kifundi wenye matokeo yanayopimika, hata kama aliyeufanya hajawahi kushika kipimo.

Wa kwanza kuingia kazini ni bakteria wa jamii ile ile inayogandisha maziwa ya wafugaji Waorma kwenye vibuyu vyao. Hao hulitia tembo uchachu na ule ute mwepesi, na weupe wake unatokana na umati wa vijidudu wanaoelea ndani. Karibu pamoja nao hupanda chachu, inayogeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni dioksidi. Ndiyo povu tunaloliona. Ndani ya siku moja kileo hufika asilimia 4 au 5, sawa na bia ya kawaida. Kisha huja kundi la tatu, bakteria wa siki, nao wana sharti moja: wanahitaji hewa safi. Maadamu povu linatoka, kaboni dioksidi inafunika uso wa tembo kama blanketi na hao wanangoja. Povu likinyamaza, mlango umefunguka.

Hapo ndipo jerikani la njano linapomsaliti muuzaji wetu. Akikaza kifuniko, hewa inalivimbisha mpaka linapasuka au linamfoka usoni. Akilegeza, siki inaingia. Watengenezaji wadogo wa bia walitatua jambo hili zamani kwa mrija: upande mmoja umepita kwenye kizibo, upande wa pili umezama ndani ya chupa ya maji. Hewa inatoka kwa mapovu, ya nje haipati njia ya kurudi. Mrija wa plastiki na chupa tupu vinapatikana Garsen kwa pesa kidogo. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo ambacho kingempa mgema wa Chara nusu siku zaidi.

Bia ya kiwandani ilishinda dunia kwa njia iliyo kinyume kabisa na hii. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kuitenga chachu ya aina moja safi, na tangu hapo mtengenezaji aliweza kuchemsha maji ya kimea, kuua kila kilichomo, kisha kupanda mbegu moja tu aliyoichagua. Kenya Breweries ilianza mwaka 1922 juu ya msingi huo. Chupa ya Tusker yenye picha ya ndovu hufika Garsen ikiwa na ladha ile ile iliyotoka nayo Nairobi, baada ya joto lote na mashimo yote ya njiani. Ni kazi kubwa ya uhandisi na naiheshimu. Lengo lake ni kuufuta muda, mnywaji asijue bia ina wiki moja au miezi mitatu.

Mafundi wadogo waliporudi sokoni, walirudi na muda. Mwaka 2012 kampuni ya Stone ya California ilianza kuuza bia iliyoitwa kwa tarehe ya mwisho ya kuinywa, imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chupani, wiki chache tu mbele. Sababu ilikuwa ya kikemia: harufu ya hopu, maua yanayotiwa kwenye bia, hufifia haraka, na mtengenezaji aliamua kusema ukweli huo badala ya kuuficha. Leo wanunuzi wa bia hizo hugeuza kopo kusoma tarehe kabla ya kusoma bei. Nairobi nako, vilabu vinavyopika bia yao na viwanda vidogo kama Bateleur na 254 vimewazoesha watu kuuliza bia hii ni ya lini. Swali hilo mnywaji wa mnazi hakuacha kuliuliza hata siku moja. Akiinua kata mdomoni, neno lake la kwanza ni: la asubuhi au la jana?

Mwelekeo wa pili, baada ya huo wa tarehe, ni chachu ya mwituni. Katika bonde la Zenne huko Ubelgiji, wapikaji wa bia iitwayo lambiki, wakiwemo Cantillon wa Brussels waliopo tangu 1900, humwaga maji ya kimea ya moto kwenye beseni pana usiku wa baridi na kuyaacha wazi mpaka asubuhi, hewa ya mji iyatie chachu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa haiwezekani kwingine. Mwaka 2007 Allagash wa Maine, Marekani, wakajenga beseni la namna hiyo, na wengine wakafuata. Tofauti yao na mgema iko kwenye subira: lambiki huwekwa kwenye mapipa ya mbao mwaka hadi mitatu, tembo huwekwa tangu jogoo hadi adhana ya adhuhuri. Lakini imani ni moja, kwamba mahali penyewe pana chachu yenye ladha yake.

Mwelekeo wa tatu ndio ulionigusa zaidi, kwa sababu unahusu joto. Wakulima wa magharibi mwa Norway walihifadhi chachu zao za ukoo, ziitwazo kveik, kwa kuzikausha kwenye pete za mbao na vipande vya kitambaa. Katika muongo uliopita Lars Marius Garshol alizichunguza na kuziandika, na mafundi wa dunia nzima wakazitaka. Chachu nyingi za bia hudai ubaridi wa nyuzi 20 au chini. Kveik hufanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 35 na zaidi, bila kuharibu ladha. Joto hilo ni la Garsen kivulini. Pete ile ya mbao ni ndugu ya mashapo kwenye kibuyu cha mgema, na ni ndugu ya tunda la mvungunya ambalo Wakikuyu hulikausha na kulitumia tena na tena kuchachusha muratina. Mtu akitaka kupika bia Pwani leo bila mashine kubwa ya kupoza, njia ipo. Na chachu inayoishi vizuri ndani ya vibuyu vya Chara, iliyozoea joto vizazi na vizazi, inastahili kupelekwa maabara na kupewa jina.

Kuna swali moja limenikalia muda mrefu. Bia ina hopu, na uchungu wa hopu huwazuia bakteria wa uchachu. Ndiyo sababu hata kabla ya friji bia ilisafiri. Tembo letu lina nini? Halina kitu. Lakini Wafilipino, wanaogema mnazi kama sisi, hutia ndani ya tuba yao unga wa gamba la mkoko uitwao tungog. Tembo hugeuka jekundu, likapata ukakasi, na likachelewa kuchacha. Gamba hilo ni la mti ambao Waswahili tunauita mkandaa. Umo kwenye mikoko ya mlango wa Tana, na wazee wa Pwani walitumia gamba lake hilo hilo kutia ngozi rangi. Dawa ya tembo imesimama kando ya tembo, na sijaona mgema wa kwetu akiitumia.

Nalitaja kwa tahadhari. Mkandaa uliobanduliwa gamba ukiwa hai hufa, na delta ya Tana ni ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2012, wala mikoko haikatwi bila kibali cha idara ya misitu. Pa kuanzia ni gamba la boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali, ambalo kwa kawaida hutupwa. Kijiko kimoja cha unga wake, jerikani moja lenye gamba na moja lisilo nalo, mtu aonje kila saa tatu na kuandika. Haidromita ya kupimia sukari si ghali. Jaribio kama hilo lingeweza kufanywa na darasa la sekondari ya Ngao bila mwanafunzi yeyote kuonja, wakitumia karatasi za kupimia uchachu peke yake.

Nasema hivyo nikijua kwamba wengi wa majirani zangu hapa ni Waislamu na kileo hawakigusi. Ujuzi wa saa unawahusu pia. Utomvu uliozuiwa kuchacha kwa chokaa hupikwa ukawa sukari ya mnazi, na tembo lililoachwa wazi kwa makusudi ni siki safi. Mwenye mti anaweza kuamua saa ya kwanza au saa ya mwisho, akairuka ile ya katikati.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Leseni za vileo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na mwishoni mwa 2024 hesabu ya ushuru wa bia ilihamishwa kutoka wingi wa lita hadi kiasi cha kileo kilichomo, huku watengenezaji wadogo huru wakiwekewa kiwango nafuu. Hesabu hiyo inakipendelea kinywaji chepesi, na tembo la mchana ni jepesi. Kuna watakaosema njia ya haraka ni kuchemsha na kufunga kwenye chupa, kama Banana Investments wa Arusha walivyofanya na ndizi wakafanikiwa. Inafaa kwa soko la mbali. Ila tembo lililochemshwa limesimamishwa kwenye saa moja tu ya maisha yake, na mimi nalitaka likiwa na saa zake zote.

Siku hizi lami inatoka Garsen hadi Lamu, na mto usipofurika, bodaboda inaweza kulifikisha tembo la Chara sokoni kabla halijamaliza utamu. Basi liuzwe kwa saa: la asubuhi bei yake, la mchana bei yake, la jana liende kwa muuza siki. Chaki nyeupe hushika vizuri kwenye jerikani la njano. Iandikwe ubavuni, pakubwa, kabla ya kupakiwa: Chara, mnazi, saa kumi na mbili.