Ganda la Polio: Linavyovumilia Tumbo na Kufunguka Kwenye Seli

Februari 2018 wizara ya afya ya Kongo ilitangaza polio kuwa dharura ya afya ya umma. Kirusi kilicholeta tangazo hilo, cha aina ya 2, kilikuwa kimeonekana Maniema na Haut-Lomami mwaka uliotangulia, kisha kikasambaa hadi Tanganyika na Haut-Katanga. Kwa mzazi wa mji wa Likasi, Haut-Katanga, habari hiyo ilitatanisha. Kisa cha mwisho cha polio ya asili nchini kilikuwa cha Desemba 2011. Hiki kipya kilitokana na virusi vya matone ya chanjo, vilivyozunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa hadi vikarudiwa na ukali wake. Kuhusu watoto waliokosa matone yamesemwa mengi, na ya haki. Mimi nataka tuitazame hatua inayosemwa kidogo: kirusi kinapoigusa seli mpaka kinapokuwa ndani.

Virusi vya Ebola, UKIMWI na korona vimevaa utando wa mafuta ambao kila kimoja hujitwalia katika seli kilimozaliwa. Polio haina utando huo. Ina ganda la protini tupu, na ndani yake uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 7,400. Upana wake ni nanomita 30 hivi: virusi milioni moja vikipangwa mstari mmoja havizidi sentimita 3.

Kukosa mafuta kunakipa kirusi nguvu njiani. Spiriti ya kupaka mikononi, ambayo huvuruga utando wa mafuta, haikiui kirusi hiki kwa urahisi. Sabuni na maji yanayotiririka husaidia kwa kukibandua na kukiondoa. Klorini na kuchemsha ndivyo hukiangamiza. Kwenye kiwanda cha Shituru, Likasi, asidi hutoa shaba ndani ya jiwe, lakini asidi ya tumbo la mtoto haiwezi kulifungua ganda hili. Kirusi hupita salama hadi utumbo, na hutoka na choo kikiwa bado hai, tayari kwa maji ya kisima cha jirani.

Lakini nguvu hiyo ina gharama. Kirusi chenye utando huingia kwa kuunganisha utando wake na ule wa seli, vikawa kimoja. Polio haina cha kuunganisha, kwa hiyo ni lazima itoboe. Juu ya hayo, ganda lililokataa kufunguka tumboni linatakiwa lifunguke lenyewe, mahali pamoja tu, bila kuchelewa. Likifunguka mapema RNA huharibika. Lisipofunguka, kirusi hakiwezi kuzaliana.

Jibu lilianza kuonekana 1985, James Hogle, Marie Chow na David Filman walipochapisha umbo la ganda hilo kwa kutumia miale ya eksirei. Ganda limejengwa kwa protini nne, kila moja nakala 60. VP1, VP2 na VP3 ziko nje. VP4 imefichwa ndani. Ganda lina vilele 12, na kila kilele kimezungukwa na bonde. Chini ya sakafu ya bonde kuna mfuko mdogo, na ndani ya mfuko huo molekuli ya mafuta imekaa kama kabari.

Mwaka 1989 Cathy Mendelsohn, Eckard Wimmer na Vincent Racaniello walitambua kipokezi ambacho kirusi hukishika, leo kikiitwa CD155. Ushahidi wenye nguvu ulifuata mwaka mmoja baadaye: panya wa kawaida hawapatwi na aina nyingi za polio, lakini wale waliopandikizwa jeni ya kipokezi cha binadamu walipooza.

Sasa tusogee karibu zaidi. Ncha ya CD155 huingia bondeni. Katika baridi ya nyuzi 4 hushika tu, na kirusi kinaweza kuachia kikiwa kizima. Kwenye joto la mwili mambo hubadilika: kabari ya mafuta hutoka mfukoni, ganda hutanuka kwa takriban asilimia 4, na sehemu zilizofichwa zinajitokeza. VP4, ambayo ina mkia wa mafuta wa kaboni 14, hutoka na kujichomeka katika utando wa seli. Ncha ya VP1 nayo hujitokeza na kushikilia hapo. Tundu linafanyika. Mwaka 2007 maabara za Hogle na Xiaowei Zhuang zilionyesha kwamba seli hukimeza kirusi kwanza, kisha RNA hutoka haraka, ikiwa bado nanomita 100 hadi 200 tu kutoka ukingo wa seli. Ganda tupu hubaki nyuma.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ufundi wote ulipo: mafuta ambayo kirusi kiliyakosa nje, kimeyaficha ndani, na kipokezi ndicho kinachoamuru yatoke. Badiliko hilo halirudi nyuma, na mara nyingi hutokea bure, kirusi kikaachia seli kikiwa kimeshafunguka. Ndiyo maana huhitajika makumi au hata mamia ya virusi ili kimoja kifaulu.

Mambo haya yanamgusa moja kwa moja muuguzi wa kituo cha afya cha Kikula au Panda huko Likasi. Joto peke yake, bila kipokezi, linaweza kulifungua ganda, na likishabadilika mwili hujifunza umbo lisilo sahihi. Kwa sababu hiyo chanjo ya sindano hupimwa kwa uniti za antijeni D, yaani umbo la ganda zima. Ganda lililoharibiwa na joto huitwa C, na kingamwili zake hazizuii ugonjwa. Matone nayo yana kirusi hai chenye ganda lilelile. Kile kimraba kilicho ndani ya duara kwenye kichupa kinatunza kumbukumbu ya joto lote lililopita: kikifikia rangi ya duara, kichupa hutupwa. Naona wazazi wangeelezwa hivyo waziwazi, wangeelewa kwa nini mtoa chanjo haliachi sanduku la barafu.

Kuhusu matone mapya ya aina ya 2, yaliyoruhusiwa kwa dharura na Shirika la Afya Duniani Novemba 2020, Andrew Macadam wa Uingereza na Raul Andino wa Marekani pamoja na wenzao walibadilisha sehemu za RNA ili ukali usirudi kwa urahisi. Ganda hawakuligusa, kwa kuwa ndilo linalofundisha kinga na ndilo linalokiingiza kirusi kwenye seli za utumbo. Machi 2023 ilitangazwa kwamba hata matone hayo yamezaa kirusi kilichorudiwa na ukali, kwa watoto wa Tanganyika, Kivu Kusini na Burundi. Ni nadra kuliko zamani, lakini si sifuri.

Sasa Macadam na watafiti wengine wanatengeneza ganda lisilo na RNA kabisa. Shida yao ya kwanza ilikuwa ileile: ganda tupu hugeuka C kwenye joto dogo. Wamechagua mabadiliko machache ya protini yanayolishika lisitanuke, ili mwili ulijue umbo la D kwa chembe isiyo na kitu cha kuingiza ndani ya seli.