Kabla ya Tingatinga

Kwetu Msangeni, Ugweno, mpaka wa shamba hupandwa. Safu ya masale yenye majani marefu hutosha, na mtoto hujua kabla ya kujua kusoma kwamba isale halichezewi. Nyuma ya safu hiyo kuna migomba, kahawa chini ya mringaringa, magimbi kandokando ya mfereji. Juu zaidi kulikuwa na mshitu, msitu wa jando, ambamo shoka halikuingia. Misitu mingi ya namna hiyo imemegwa. Iliyobaki huonekana kwa mbali kama kiraka cheusi mgongoni mwa mlima. Nilikulia ndani ya bustani nikidhani ni mahali tu.

Labda ndiyo sababu namwonea fahari mtunza bustani wa hoteli anayepamba kiwanja kwa mimea ya palepale. Kazi yake huanza kabla ya tingatinga kufika. Hupita na kopo la rangi akitia alama miti itakayobaki, kisha hubishana na mchora ramani asogeze ukumbi hatua kumi. Akishindwa siku hiyo, miche elfu ya baadaye haitamfaa, maana mkuyu uliokomaa hauuzwi. Kuyu halipati mbegu bila nyigu mdogo sana kupenya ndani yake. Makuyu yakiiva, huja hondohondo, mbega na popo, na wanachodondosha ndicho kinachoota miaka inayofuata, bila mshahara wa mtu.

Niliwahi kulala katika hoteli moja ya tambarare ambako mkuyu uling'olewa ili ukoka upate jua. Ukoka ulinyweshwa asubuhi na jioni kwa maji ya boza. Kivuli kikaletwa baadaye: miavuli ya turubai.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kimefuata njia nyingine. Mnara wake wa taa umesimama tangu 1904, na mwaka 1994 matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi. Nyumba za wageni ni saba tu. Mapaa yake hukinga mvua, maji huhifadhiwa chini ya sakafu, na yakishaogewa hupitishwa kwenye vitalu vya mimea inayoyachuja kabla hayajaifikia bahari. Msitu wa juu ya jiwe la matumbawe umeachwa kama ulivyo, na paa nunga, mnyama adimu hata Unguja kwenyewe, akaletwa kukaa humo. Panya walioingia na watu waliondolewa katika miaka ya 1990. Naipenda hasa sehemu hiyo ya panya, kwa sababu hakuna mgeni atakayepiga picha ya panya ambaye hayupo.

Kuna wanaodhani inatosha mti uwe wa Tanzania. Waende Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Miongoni mwa miti iliyopandwa huko ni msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis, mwenyeji wa huko Ziwa Viktoria. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, nao ukajaa palipokatwa magogo ukiwabana wenye msitu. Ndege ni yuleyule anayetuoteshea mikuyu. Hana kosa, aliyekosea ni aliyedhani nchi nzima ni shamba moja.

Sisi wa Upare hatuna udhuru wa kulisahau hilo. Ukishuka kutoka kwetu kuifuata barabara ya Same, unaacha ukungu nyuma na kuingia kwenye migunga na mibuyu, na shati lililokuwa jepesi asubuhi linakuwa zito. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Humwagiwa maji ya moto ikalala humo usiku mzima ndipo ikubali kuota. Mkulo wa mlimani ni kinyume chake. Mbegu yake haivumilii kukauka, na wadudu huiwahi. Anayeisubiri kwenye bahasha atasubiri sana.

Mzee mmoja mwenye kitalu mlimani alinipeleka nyuma ya viriba vyake, kwenye kisiki cha mkulo. Nilimwuliza mbegu anapata wapi. Akainama, akafunua majani makavu kwa kidole: machipukizi matatu yalikuwa yametoka kwenye mzizi, mbali kidogo na kisiki.

"Shikamoo zako nimezipokea, mwanangu," akasema, "ila hapo uliposimama pana la nne."

Nikainua mguu.