Ujumbe wa Kiangazi na Mlango wa Chuo

Mzazi aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam hukumbuka kuwa barua ya kujiunga na chuo ilikuja kwa mkupuo mmoja, ndani yake mna tarehe ya kuripoti, ada, orodha ya vitu vya kubeba na fomu ya daktari, hata aliyeisoma mpaka mwisho akawa amekwisha yajua yote yaliyompasa. Ilhali mwanawe aliyemaliza sekondari hapa Plano, Texas, akapokewa Collin College au University of Texas at Dallas iliyoko Richardson jirani yetu, huletewa habari vipande vipande kwa barua pepe, kila idara ikinena lake na kuweka muda wake.

Katika miezi ya kiangazi iliyo kati ya sekondari na chuo, mwalimu wa zamani amekwisha muaga na mshauri wa chuo hajamjua bado, ndipo wengi hupotelea njiani. Benjamin Castleman na Lindsay Page, wataalamu wa elimu waliolichungua jambo hili kwa miaka, walikadiria kuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya vijana waliokusudia kwenda chuo hawafiki, hasa wale wa aila zenye kipato kidogo, na aghalabu si kwa kubadili nia bali kwa fomu iliyosahauliwa au malipo yasiyofahamika.

Kiangazi cha mwaka 2012 walilijaribu shauri lao la kuwakumbusha vijana hao kwa simu katika shule za Dallas, mwendo mfupi kutoka hapa, na kadhalika katika miji michache ya Massachusetts. Hapakuwa na programu ya kupakua wala neno la siri la kukumbuka: zilitumwa jumbe fupi za simu, baina ya nane na kumi kwa kiangazi kizima, kila moja ikitaja kazi moja tu, ama kujiandikisha kwa mafunzo ya utangulizi, ama kujaza fomu ya malazi, ama kuisoma hati ya ada. Ustadi ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, ujumbe ulilengwa kwa chuo alichokusudia kijana mwenyewe, na kiungo chake kikamfikisha kwenye ukurasa uleule wa kujazia, bila kumzungusha. Pili, kijana aliweza kujibu akaomba msaada, na aliyempokea alikuwa mshauri, mtu mwenye akili na subira. Gharama yote, pamoja na saa za washauri hao, ilikuwa yapata dola 7 kwa mwanafunzi. Na waliofaidika zaidi ni wale ambao shuleni hawakuwa wamepata mtu wa kuwaongoza.

Tuchukue mfano mmoja wa hapa Texas tuuone uzito wa ujumbe kama huo. Sheria ya jimbo humtaka mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22, isipokuwa mwenye msamaha wa kisheria, awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo ndani ya miaka mitano iliyopita, na sindano hiyo iwe imetangulia siku ya kwanza ya muhula kwa siku 10 au zaidi. Mama huifungua kadi ya mtoto, akaiona chanjo ya darasa la saba, akatulia moyo. Kumbe kwa kijana wa miaka 18 dozi ile imekwisha pitwa na wakati, na akikumbushwa wiki ya mwisho, siku 10 hazipatikani tena. Ujumbe wa kulieleza hilo mwezi wa Juni una thamani kuliko ramani ya kampasi yenye picha za kupendeza.

Baadaye watafiti waliipeleka njia hiyo nchi nzima, wakawafikia wanafunzi zaidi ya 800,000 kwa vikumbusho vya kuomba msaada wa fedha za masomo, wala hawakuona athari yoyote katika idadi ya walioingia vyuoni. Kwa maoni yangu hujja iko wazi: ujumbe utokao mbali, usiojua chuo cha kijana wala shule atokayo, hauna nguvu ya ule utokao kwa mtu wa mji wake.

Kwa hiyo jumuiya zetu za Waafrika Mashariki huku Dallas Kaskazini, ambazo tayari zina makundi ya WhatsApp ya harambee na misiba, zisianze kwa kutafuta fundi wa programu. Zianze kwa kukusanya, chuo kwa chuo, tarehe za mwisho na viungo vyake. Kisha zitafute wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa Collin na UT Dallas waliokwisha yapitia haya, wakubali kujibu simu jioni, saa ambayo mzazi ametoka kazini na kijana yuko naye mezani, ili swali la hati ya ada liulizwe kwa Kiswahili na lijibiwe kwa Kiswahili, naye baba asikie pia anachotakiwa kulipa na lini.