Kikaratasi cha Sista

Saa moja kasorobo asubuhi mabenchi ya kituo cha afya yameshajaa, na Sista wa mapokezi bado hajaketi. Kazi yake huanza kwa kutembea. Anapita polepole mbele ya kina mama, akitazama kabla ya kuuliza. Mtoto ananyonya? Anatapika kila anachomeza? Amepata degedege? Anafunua kanga, anatazama kifua kinavyopanda na kushuka, anashika nyayo kusikia kama zina ubaridi. Mtoto mmoja amelegea. Sista anamwinua mama yake na kumpeleka moja kwa moja kwa daktari. Hakuna anayenung'unika, benchi zima limeona alichokiona yeye.

Akirudi, anagawa vikaratasi. Kwenye kila kimoja ameandika saa aliyofika mgonjwa, na kukibana kwa pini kwenye kadi. "Shikamoo, babu. Hiki usikitupe. Kila utakapopita watakuandikia saa ya kuingia na ya kutoka." Masjala, chumba cha presha na uzito, daktari, maabara, daktari tena, dirisha la dawa. Hapo mwisho vikaratasi hutumbukizwa kwenye boksi tupu la glovu.

Mchana, watu wakishapungua, anavimwaga mezani na kupiga mistari kwa rula. Cha babu: alifika 1:10, aliondoka na dawa 6:05. Dakika 295. Sista anajumlisha zile alizokuwa mbele ya mhudumu: 27. Zilizobaki ni za benchi. Haguni wala hatikisi kichwa; anachukua kingine.

Vikifika hamsini, foleni inaanza kuonyesha mafundo yake. Fundo la kwanza: karibu wote hufika kabla ya saa mbili, ilhali daktari hupita wodini kwanza na kuanza kuona wagonjwa wa nje saa tatu. La pili: wanaorudi na majibu ya maabara huunga mkia wa foleni ileile, hivyo mtu mmoja hupanga mara mbili. Nilikuja nikiamini kwamba daktari hatoshi. Kumbe wagonjwa wanaingia kwa mkupuo na kutoka kwa matone.

Ana pia hesabu ya kichwani. Huhesabu walioketi, akagawanya kwa idadi ya wanaoonwa kwa saa moja. Watu 24, daktari akiona 12 kwa saa: anayeketi sasa atasubiri kama saa mbili. Kanuni iliyo nyuma ya hesabu hiyo ilithibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961. Sista huitumia kumwambia mgonjwa ukweli: "Bibi, nenda ukanywe chai kwanza, utaikuta zamu yako."

Kisha hufungua fundo moja moja, kamwe si mawili kwa pamoja, ili ajue lipi limeleta nafuu. Wenye presha na kisukari, ambao tarehe zao zinajulikana, sasa anawaandikia na saa ya kuja. Faili zao hutolewa masjala jioni ya kuamkia kliniki. Wiki nyingine anasogeza benchi fupi mlangoni kwa daktari, la wenye majibu tu; wakiingia wapya wawili, anafuata wa majibu mmoja. Halafu anagawa vikaratasi upya, analinganisha, na kisichosaidia anakiondoa.

Ukutani kwake pamebandikwa maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ndiyo 5S, mpango wa kuboresha sehemu ya kazi, ambao hapa Tanzania ulianza katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Japani. Nilimuuliza lipi ni gumu. Alinyoosha rula kwenye la tano, akaendelea kujumlisha.

Basi nawe ukipewa kikaratasi chenye saa, usikikunje ukakitia mfukoni. Kifikishe dirisha la mwisho. Kuna mtu anakisubiri kwa subira zaidi kuliko wewe unavyomsubiri daktari.