Daftari la Merikebu na Kimya Chake

Katika mwaka 1903 mwanamke mmoja mjamzito, asiyefuatana na mume, alipakiwa merikebu iitwayo Clyde katika bandari ya Calcutta, akapelekwa Guiana ya Waingereza kutumikia mkataba katika mashamba ya miwa. Miaka 110 baadaye kitukuu wake, Gaiutra Bahadur, alitoa kitabu, Coolie Woman, cha kuifuata safari ile.

Nguzo ya kitabu ni hati ya safari. Jina, umri, tabaka, kijiji, mimba, na alama ya moto mguuni: hayo ndiyo karani aliyoona yafaa kuandikwa. Alama iliandikwa ili mtu atambulikane; nani au nini kilimwunguza, hakuna aliyeuliza. Wala hati haisemi kama alikuwa mjane, au mtoro, au mtu aliyedanganywa na mawakala. Huu ndio mtihani wa kila atafutaye nasaba yake katika madaftari ya bandari: yameandikwa na mwenye kuhesabu, si na mwenye kuhesabiwa.

Mwandishi mwingine angaliziba pengo hilo kwa hadithi tamu. Bahadur hakufanya hivyo, anauliza. Penye kimya cha hati huweka swali juu ya swali, naye msomaji hujua daima wapi pana ushahidi na wapi pana dhana. Huo ni uaminifu wa kusifiwa, ingawa mara nyingine maswali hufuatana mno hata makali yake yakapungua.

Dosari kubwa zaidi imo katika nyaraka zenyewe. Baada ya kushuka pwani, bibi huyu hufifia nyuma ya wanawake wengine, ambao habari zao zimesalia kwa kuwa walipigwa, walishtakiwa, au waliuawa. Aliyefanya kazi, akapika na kulea wanawe kwa salama hakumpa mkuu wa serikali sababu ya kushika kalamu. Basi nyaraka hukuza msiba na kumeza siku za kawaida. Kitabu kingalifaa kulikumbusha jambo hili mara nyingi zaidi.

Hata hivyo jina lake limechaguliwa kwa ushujaa. Kuli, neno ambalo Kiswahili nacho kinalo kwa mchukuzi wa mizigo, lilikuwa tusi Guiana. Mwandishi amelitia juu ya jalada, karibu na neno mwanamke, ili asomaye aone ni nani aliyebebeshwa mzigo wa jina hilo. Karani aliandika alama ya mguu. Kitukuu ameuliza habari za maumivu yake.